Andika kabla ya kupandisha: uzao wa kwanza wa sungura, na nani abaki

Kabla hujamshika jike umpeleke kwa dume, tafuta daftari. Langu ni lile lile la cherehani. Mbele kuna vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Nikiligeuza, kwa nyuma kuna sungura. Ukurasa wa kwanza wa sungura una mistari minne, nayo niliiandika baada ya kuumia. Vizimba ni vinne. Wakubwa wa kudumu ni watatu, jike wawili na dume mmoja. Mwenye kasoro ya kurithi hatoki hapa kwenda kuzaa kwa mtu mwingine. Jike hupewa nafasi tatu.

Nafugia Uthiru, pembezoni mwa Nairobi, nyuma ya nyumba ya kupanga, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti kwamba harufu isifike mlangoni kwake. Mahali penyewe panatosha meza mbili za kukatia nguo, si zaidi. Nakuandikia wewe uliye na nafasi kama hiyo na jike mmoja au wawili ambao hawajawahi kuzaa, kwa sababu hapo ndipo hesabu huwaponyoka watu. Jike mmoja akizaa saba, leo wanalala wote kwenye sanduku dogo. Wakifika wiki ya 10 au ya 12 inabidi utenge madume na majike, maana muda si mrefu wataanza kupandana, ndugu kwa ndugu, na madume watararuana. Saba hao wanataka vizimba viwili hivi, na chakula kila siku. Kama hujaamua mapema wanaenda wapi, utaamua ukiwa umebanwa, na uamuzi wa kubanwa humuumiza mnyama.

Tuanze na umri. Kwa sungura wa aina ya New Zealand White na California White, ambao ndio wengi hapa kwetu, jike nampandisha akiwa na miezi 5 hadi 6, tena awe amefika karibu kilo tatu na nusu. Dume namngoja miezi 6 au 7. Wale wakubwa, kama Flemish Giant, hukomaa polepole, kwa hiyo miezi 8 au 9. Jike aliyenenepa sana hashiki mimba vizuri. Mpapase mgongoni, uti uuhisi chini ya nyama bila kukuchoma vidole. Mgeuze. Tazama meno, masikio kwa ndani, nyayo za nyuma, sehemu ya uke. Tazama na manyoya ya mikono ya mbele upande wa ndani: sungura mwenye mafua hujifuta pua hapo, manyoya yakagandana. Huyo hapandishwi. Hakikisha pia kwamba kweli ni jike. Nimeona watu wakiuziwa “jozi” ya majike wawili wakangoja mimba nusu mwaka.

Jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwa jike, jike atalinda kwake na kumuuma, na dume mchanga akiumwa mara ya kwanza anaweza kuogopa kwa muda mrefu. Nenda asubuhi au jioni, kukiwa na ubaridi. Simama hapo hapo, usiende kupika. Ikifanyika vizuri ni dakika chache tu: dume anapanda, kisha anaanguka ubavu au kinyumenyume, mara nyingi kwa mlio mdogo. Mwache apande mara mbili, kisha mrudishe jike kwake. Sungura jike hana siku za joto kama ng’ombe. Mayai hutoka kwa sababu ya kupandwa kwenyewe, saa 10 hivi baadaye. Ndiyo maana wengine humrudisha baada ya saa 8 hadi 12, nami hufanya hivyo kwa jike wa mara ya kwanza. Jike akijibanza pembeni na kubana mkia, usimlazimishe. Jaribu kesho au keshokutwa.

Kama una majike wawili, wapandishe siku moja. Ushauri huu ungeniokolea watoto wengi ningeupata mapema, na sababu utaiona.

Sasa andika tarehe. Mimba ni siku 31, ingawa wengine huzaa siku ya 29 na wengine ya 32. Ukipandisha tarehe 3 Mei, siku ya 28 ni tarehe 31 Mei, na siku ya 31 ni tarehe 3 Juni. Kati ya siku ya 10 na ya 14 unaweza kumpapasa tumboni, mbele kidogo ya nyonga, kwa vidole laini: utahisi vitu vya mviringo vinavyoteleza, kama zabibu zilizopangwa kwenye uzi. Mavi ni magumu na madogo zaidi, na yako juu karibu na uti. Usipoweza kutofautisha, usikamue kutafuta. Ngoja. Na ukimwona anang’oa manyoya siku ya 17 hivi, huenda ni mimba ya uongo; atarudi hali yake na utampandisha tena.

Sanduku la kuzalia huingia siku ya 28. Ukilitia mapema, atalifanya choo. Langu nililipima kwa futi yangu ya cherehani: sentimita 45 kwa 30, kimo 30, mlango wa mbele umekatwa chini aingie bila kuruka. Mbao ni vipande kutoka soko la Gikomba. Chini natandika maranda makavu, kiganja cha unene, juu yake nyasi kavu nyingi, kisha nachimba shimo kwa ngumi upande wa nyuma. Yeye atamalizia kwa manyoya ya kifua chake.

Usitie vitambaa. Mimi fundi wa nguo ndiye niliyedhani vipande vya fulana laini vitawafaa watoto. Uzi mmoja ulichomoka, ukamzunguka mtoto mguu, na nilipomwona siku ya nne mguu ulikuwa mweusi. Nyasi hukatika mtoto akijinyonga nayo. Uzi haukatiki.

Mara nyingi atazaa usiku au alfajiri. Wiki ile ya mwisho maji yasiishe hata kwa saa moja, na banda liwe na utulivu: mbwa, paka, panya, na muziki wa sherehe ya jirani vyote humtia hofu. Asubuhi mpe majani anayoyapenda, mukengeria, lile gugu la maua ya buluu, ulionyauka kidogo kwa mfano, na akiwa anakula toa watoto uwahesabu. Shosho wangu alikuwa akisema ukiwagusa mama atawakataa. Jike aliyekuzoea hawakatai. Nawa mikono, msugue yeye mgongoni kwanza, kisha ingiza mkono. Toa wafu, kondo lililobaki, na nyasi zilizolowa damu.

Usishtuke mchana kutwa usipomwona ndani ya sanduku. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mbili, dakika tatu au nne tu, kisha anatoka. Kinachokuambia kama amenyonyesha ni matumbo ya watoto. Kila asubuhi nawatazama mmoja mmoja: aliyeshiba ana tumbo lililovimba kama limejazwa upepo, na ngozi imenyooka. Aliyekosa ana mikunjo kama soksi iliyovuliwa.

Uzao wangu wa kwanza ulikuwa Julai. Anayeijua Julai ya Uthiru anajua ukungu ule usioondoka mpaka saa tano asubuhi. Kadogo, jike wangu wa kwanza, alizaa sita, wote nje ya sanduku, juu ya waya, bila kung’oa manyoya hata kiganja. Nilipofika saa kumi na mbili walikuwa baridi kama nyanya za jokofu. Niliwafunga kwenye gazeti nikawazika. Baadaye daktari wa mifugo aliniuliza kama niliwapasha joto kwanza. Sikuwa nimewapasha. Mtoto aliyepoa huonekana mfu naye bado yupo. Sasa nawatia kifuani ndani ya sweta, au kando ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo, nusu saa au zaidi, na nimewahi kuwaona wawili wakianza kutapatapa niliokuwa nimewakatia tamaa. Usihukumu mpaka wawe na joto.

Siku hiyo hiyo, kwa hasira, nilitaka kumchinja Kadogo. Kisu kilikuwa mezani. Kilichonizuia ni mteja aliyekuja kuchukua sare za watoto, na alipoondoka hasira ilikuwa imepungua. Nilimpandisha tena, nikampa sanduku lenye nyasi zaidi. Uzao wa pili alizaa saba, akawakuza saba. Ndiyo maana mstari wa nne wa daftari unasema nafasi tatu. Jike wa mara ya kwanza akizaa nje, akitawanya watoto, hata akiwatafuna, huo bado si ushahidi wa kutosha. Jiulize kwanza kuhusu makosa yako: maji yaliisha? Sanduku liliingia siku ya 31? Alishtushwa? Rekebisha, uandike ulichorekebisha, umpe ya pili. Akirudia mara tatu huku wewe umefanya kila kitu sawa, huyo anaondoka kwenye uzazi, na binti zake siwaweki.

Sasa idadi. Jike ana matiti manane kwa kawaida. Jike mchanga nikimwachia sita hadi nane anawalea vizuri. Akizaa kumi, na mwenzake aliyepandishwa siku moja akazaa wanne, unahamisha watatu. Hamisha wakubwa wenye nguvu, si wale dhaifu. Mwenye nguvu ataipigania titi ya mama mgeni. Tofauti ya umri isizidi siku mbili au tatu. Wachanganye na wenyeji ndani ya manyoya yao kwa muda, mama akiwa nje, harufu iwe moja.

Usipokuwa na mama wa kambo, ndipo uamuzi wa kwanza mgumu unapokuja. Mtoto aliyezaliwa tumbo wazi, au asiye na namna ya kunyonya, hatapona. Kumwacha ni kumtesa. Huyo namwondoa siku hiyo hiyo. Lakini yule mdogo tu, kibeti wa kundi, simgusi siku ya kwanza. Nampa siku tatu, na jioni namweka peke yake kwa mama aliyetulia anyonye bila kusukumwa. Wengine hukazana. Asiyeongezeka mpaka siku ya tatu, tumbo lina mikunjo kila asubuhi, naye namwondoa, kwa kuwa kifo cha njaa ni kirefu.

Kumwondoa si kumtupa nje kwenye baridi, wala kwenye ndoo ya maji, wala ndani ya friza. Njia hizo zote ni polepole, na yeye anahisi. Kinachofaa ni pigo moja la kichwa, la ghafla na la nguvu, linalomaliza papo hapo. Mimi nilionyeshwa na daktari wa mifugo, mkono kwa mkono. Nawe tafuta wa kukuonyesha kabla ya siku ya kuhitaji, au mpelekee yeye. Sisi wa huku tuko karibu na Kabete, kwenye kitivo cha madaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na ofisi za mifugo za serikali haziko mbali. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamlinda sungura kama inavyomlinda punda.

Macho yatafunguka siku ya 10 hadi 12. Wiki ya tatu sanduku linatoka, maana sasa ni uchafu tu. Mama akinyonyesha mwongezee peleti (chakula cha vidonge) kidogo kidogo mpaka ale kadiri anavyotaka, na maji anaweza kunywa lita mbili au zaidi kwa siku. Watoto wanaanza kuonja nyasi kavu. Wape nyasi kavu za Boma Rhodes zisizo na ukungu, bila kikomo. Kabichi na sukuma mbichi tele ndizo zinazowaharibu matumbo wakati huu. Majani ya viazi ulaya, nyanya na parachichi usiwape kabisa. Matawi ya viazi vitamu na mucege (kishonanguo) ni sawa yakinyauka kwanza. Banda kavu ndilo kinga kubwa ya koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara unaomaliza watoto wa wiki nne hadi nane. Ukiona kuhara, tenga, safisha, nenda agroveti, duka la dawa za mifugo, ukiwa umeandika dalili na siku, usiende kuomba “dawa ya sungura” tu.

Nawaachisha kunyonya wiki ya sita. Namwondoa mama, watoto wanabaki mahali walipopazoea. Siku hiyo napima kila mmoja kwa mizani ya jikoni, naweka alama ya wino ndani ya sikio, naandika. Wiki ya 8 napima tena. Kwangu watoto wa New Zealand huwa kati ya kilo moja na nusu na kilo mbili wakati huo. Uzuri wa macho hauingii kwenye safu yoyote ya daftari.

Hapa niseme habari ya meno, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike ule mstari wa tatu.

Kwenye uzao wa tatu kulikuwa na dume mmoja mweupe, mpole kupita wote. Binti yangu alikuwa akimbeba kama mtoto. Wiki ya 9 niliona meno ya chini yametokeza mbele ya ya juu. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Hulika kwa sababu ya juu na ya chini yanasagana. Yakipishana hayaliki, yanajipinda, mwishowe yanachoma midomo na mnyama anashindwa kula. Mara chache huwa ni kuumia, kuuma waya kwa mfano, lakini kwa sungura mchanga hivyo mara nyingi ni ya kurithi. Nilijua. Na bado sikuweza kumchinja, kwa sababu ya binti yangu na kwa sababu yangu mwenyewe. Nikampa jirani zawadi kwa mwanawe, nikasema ni wa kuchezea tu. Nilijiona nimetenda wema.

Miezi minane baadaye jirani aliniita. Mwanawe alikuwa amenunuliwa jike. Kwenye kizimba kulikuwa na watoto sita wa miezi miwili, na watatu walikuwa wamekonda uti nje, chakula mbele yao, mate yakiwadondoka kidevuni. Dume mwenyewe alikuwa akikatwa meno kwa koleo la waya kila baada ya wiki mbili, akipiga kelele. Na jino likikatwa kwa koleo linaweza kupasuka mpaka kwenye mzizi. Mama wa yule kijana aliniambia, “Dada, ungeniambia tu.” Sikuwa na la kujibu. Niliwachinja wanne siku ile, dume na wale watatu, yule kijana akiwa amepelekwa dukani. Niliporudi nyumbani nikaandika mstari.

Kwa hiyo wiki ya 10 nakaa na kila mmoja mapajani. Meno: ya juu yatangulie kidogo mbele ya ya chini. Pua kavu. Masikio bila magamba. Macho maangavu. Miguu minyoofu, mwenye miguu iliyotanuka kando sibaki naye, ingawa sakafu telezi nayo huleta hilo, kwa hiyo natazama sakafu yangu pia. Korodani mbili kwa dume. Kisha narudi kwenye uzito, na kwenye ukurasa wa mama yake: alizaa wangapi, alikuza wangapi. Mrithi wa Kadogo nilimchagua hivyo, binti mwenye madoa yasiyopendeza, kutoka uzao ambao hakufa hata mmoja. Kama hakuna anayewazidi wazazi, hakuna anayebaki. Wazima wasio na kasoro wanaweza kuuzwa kwa wafugaji, na nawapa nakala ya ukurasa. Waliobaki ni wa nyama, na hao hawapewi majina. Binti yangu nimemwambia tangu siku ya kwanza yupi ni yupi, naye huzoea ukweli kuliko mimi.

Kuchinja mkubwa: chakula namwondolea jioni, maji yabaki. Asubuhi namtoa kwa utulivu, nimemshika kifua na matako, mbali na wenzake. Pigo moja zito la rungu fupi nyuma ya kichwa, pale masikio yanapoanzia. Kisha naligusa jicho kwa kidole. Likipepesa, napiga tena bila kusita. Lisipopepesa, na kifua hakipumui kwa mpangilio, nakata shingo mara moja, damu itoke. Miguu itapigapiga hata akiwa hajitambui. Jicho ndilo la kutazama. Wateja wangu Waislamu huja na mchinjaji wao, nami namshikia mnyama vizuri. Kama alipewa dawa, soma kwenye chupa ni siku ngapi nyama haifai kuliwa, na uzingoje. Aliyekuwa mgonjwa sana haliwi. Anazikwa kwenda chini, mbwa wasimfukue.

Usichinje peke yako mara ya kwanza. Mkono unaosita ndio unaotesa.

Mama mpya mpumzishe mpaka watoto waachishwe na mwili urudi, ndipo umpandishe tena. Kizimba kisugue kwa sabuni, kichomwe na jua siku nzima. Binti wa Kadogo alipelekwa kwa dume Jumamosi asubuhi na akarudishwa jioni. Ukurasa wake uko tayari: tarehe ya sanduku, tarehe ya kuzaa, wateja wawili wa nyama, mfugaji mmoja wa Kangemi anayetaka majike wawili wakipita ukaguzi wa wiki ya 10. Chini yake nimeandika, “Nafasi ya kubaki: mmoja, au hakuna.”